Koti Hewa

Kitu cha kwanza alichokiona Sisimizi kilikuwa kidole gumba. Msichana wa mapokezi pale kwa dobi alikuwa akipokea koti la mteja, na alipomaliza kuandika kwenye simu ya kazi alibonyeza kitufe cha "Hifadhi" mara mbili, ko-ko, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe hawaitikii upesi.

"Mbona unabonyeza mara mbili?" alimuuliza, kwa sauti ndogo hata ikabidi aulize tena.

"Nisipobonyeza mara mbili moyo hautulii," alijibu msichana. "Hii programu yenu haisemi kitu, dada. Unaiambia jambo, inakutazama tu."

Programu yenu. Maneno hayo yalimpendeza na kumchoma kwa pamoja. Alikuwa amekuja kuchukua suruali ya shemeji yake, si kukagua kazi. Lakini meza ile aliijua vizuri. Kabla ya msichana huyu, yeye ndiye aliyesimama nyuma yake, akipokea mashuka na makoti, na akiwatumia watengenezaji wa programu ujumbe kila ilipokosea: hapa inaganda, hapa inasahau, hapa imeandika jina la mtu kwenye soksi za mtu mwingine. Aliwaandikia sana, hata meneja wa ofisi ile akaja mwenyewe kumtazama msumbufu huyu ni nani. Akamkuta msichana mwembamba asiyeinua macho. Akamwajiri awe anaijaribu programu kabla haijatoka kwa wateja. Kutoka kuijaribu akajifunza kuirekebisha, kidogo kidogo, kwa video za kwenye simu na kwa kuchungulia juu ya mabega ya watu. Ofisini walimwita Sisimizi, kwa kuwa hakuwa na kelele na hukumkuta hata siku moja mikono mitupu.

Alirudi kazini na suruali ya shemeji mkononi na kidole gumba kichwani.

Kwa muda mrefu madobi walikuwa wakilalamikia kitu walichokiita koti hewa. Mteja analeta koti moja, jioni programu inasema makoti mawili. Basi watu wanapekua mashine, wanapekua kamba, wanatazamana kwa jicho la kushukiana wizi, kumbe wanatafuta koti ambalo halijawahi kushonwa. Sasa Sisimizi alijua linakotoka: kila bonyezo lilihifadhi koti lake.

Ofisi yao ilikuwa vyumba vitatu juu ya karakana ya fundi vioo, na kila kioo kilipokatwa chini, watu wa juu waliuma meno. Kazi waliigawa pande mbili. Kulikuwa na uso, yaani vile vitu ambavyo mtumiaji anaviona na kuvigusa: rangi, vitufe, maandishi. Na kulikuwa na ghala, yaani kanzidata, mahali ambapo kila koti na kila shuka linaandikwa na kutunzwa. Sisimizi alikuwa wa uso. Kile kitufe alikirekebisha asubuhi moja tu: ukikibonyeza kinageuka kijivu na kuandika "Ngoja kidogo", na hata ukikigonga kwa nyundo hakisikii tena mpaka kazi iishe. Makoti hewa yakapungua sana. Meneja akampongeza mbele ya watu, na Sisimizi akatazama viatu vyake.

Lakini hayakuisha. Siku mtandao ukiwa mzito, simu yenyewe ilituma, ikangoja jibu, ikachoka kungoja, ikatuma tena. Hapo hapakuwa na kidole cha kulaumiwa, wala usoni hapakuwa na la kufanya zaidi. Jambo lilikuwa ghalani. Ghala lilipokea makoti mawili yanayofanana na halikujua kuuliza kama ni lile lile.

Mtu mwingine wa uso angesema hilo si langu, akaenda kunywa chai. Sisimizi naye alienda kunywa chai, ila lile koti alikwenda nalo.

Jumatatu iliyofuata meneja akawaita wote. Alikuwa mama wa sauti ya upole asiyependa mikutano mirefu, na alianza kabla watu hawajakaa.

"Mzee anatuacha. Amepata kazi karibu na kwao. Mwezi ujao ukiisha, hatuko naye."

Mzee wa Ghala hakuwa mzee. Mvi zilimwahi tu. Ndiye aliyelijenga ghala lote na kulitunza, na hakuna mwingine aliyelijua kwa undani. Wakati habari zake zikitangazwa, yeye alikuwa akifuta miwani kama anayetangazwa ni mtu mwingine.

"Kwa hiyo namtaka mtu mmoja akae kando yake kuanzia wiki ijayo, ajifunze, kisha kiti kiwe chake," aliendelea meneja. "Na nyinyi nyote, Ijumaa kila mtu aniambie mwaka huu anataka kunoa ujuzi gani. Kitu kimoja. Asiniletee mtu sahani ya matunda mchanganyiko. Asiyesema, nitamchagulia."

"Mimi ghala sina ugomvi nalo," alisema Spidi, kijana wa dirishani aliyeandika programu mbio mbio kama anafukuzwa. "Likikosa mwenyewe nipeni."

"Likikosa," alisema meneja. "Na Sisimizi nilifikiri tumpe uso wa programu mpya, wote uwe wake. Ana jicho zuri. Ila aseme mwenyewe."

Wote wakamgeukia. Akaitikia kwa kichwa, kuitikia kwa namna ambayo haikuwa ndiyo wala hapana.

Alilitaka ghala. Alilitaka kama mtu anavyotaka kujua chumba cha ndani cha nyumba aliyoishi barazani kwa muda mrefu. Na kati yake na ghala palikuwa na kizuizi kimoja: kusoma kwa sauti.

Desturi hiyo aliianzisha Mzee mwenyewe. Badiliko lolote la ghala, hata la mstari mmoja, aliyeliandika alisimama mbele ya wenzake akalisoma kwa mdomo, neno kwa neno, na kueleza kila mstari unafanya nini, ndipo liwafikie wateja. Mzee alisema jicho huwa linaruka, mdomo hauwezi. Kazi za uso hazikuhitaji hayo, maana kitufe kikiharibika kila mtu anakiona. Na Sisimizi, tangu aingie ofisi ile, alipima kazi zake zote kwa kipimo kimoja alichokificha moyoni: kama itasomwa kwa sauti, simo.

Shule aliiacha darasa la tano, mama yao alipougua na nguo za watu zikahitaji mkono wa kuzifua. Kumbukumbu yake ya mwisho ya darasani ni kusimama na kitabu, sentensi imemkwama, na darasa zima linamngojea kwa kicheko kilichokwisha kuiva.

Jioni ile nyumbani aliwaeleza dada yake na shemeji yake. Dada alikuwa mshonaji, na cherehani chake kilijaza nusu ya sebule. Nusu nyingine ilijazwa na friji la jirani, kwa sababu shemeji alikuwa fundi friji na karakana yake ilikuwa popote alipofika na bisibisi.

"Shemeji, chukua ushauri wa bure," alisema shemeji. "Siku hizi ni akili mnemba, kompyuta zinafikiri zenyewe. Achana na vitufe, achana na maghala. Redioni wamesema hayo mengine yote yanakwisha."

"Redio hiyo hiyo iliyosema mafundi friji wanakwisha?" aliuliza dada bila kuinua mguu.

"Haikusema tunakwisha. Ilisema mafriji yatakuwa yanajitengeneza yenyewe."

"Na hili lililokaa sebuleni kwangu tangu juzi limeshaanza?"

Shemeji akaligeukia friji kwa huzuni. Dada akakata uzi kwa meno.

"Mdogo wangu, wewe kaa pale unaposifiwa. Mimi watu wananisifia kola. Nashona kola, nalala usingizi wangu. Suti nzima nawaachia wenye roho ngumu."

"Hujawahi kutaka kushona suti?"

Cherehani kilisimama.

"Epua chai hiyo, inachemka," alisema dada.

Kesho yake asubuhi, kabla moyo haujapoa, Sisimizi alimwendea Mzee akamwomba ajaribu kulitibu lile koti hewa. Mzee aliguna, na kwa Mzee mguno ulikuwa ruhusa. Akaandika kanuni fupi. Ikija nguo ya aina ile ile, rangi ile ile, ya mteja yule yule, ndani ya siku moja, ghala liikatae. Akaijaribu kwenye ghala la mazoezi. Koti la pili likakataliwa pale pale. Alitabasamu peke yake kama mwehu.

Ikabaki kusimama na kusoma. Alitembea mpaka mlango wa chumba cha mikutano, akageuka, akaenda dirishani.

"Spidi, nisomee wewe. Koo linaniwasha."

"Koo tu? Lete hapa."

Spidi aliisoma kama mtangazaji wa mpira, tena mbele ya goli. Mistari ilipita kwa kasi, watu wakacheka, mmoja akashangilia. Mzee alikuwa ametoka nje kuongea na simu ya kazi yake mpya. Hakuna aliyeuliza swali. Kanuni ikaenda kwa wateja.

Jumatano, watu walipokuwa hawajamaliza kusalimiana, simu ya Sisimizi ililia. Alikuwa msichana wa kwa dobi.

"Dada, programu yenu imekataa sare. Nina mama wa pacha hapa mbele yangu, sare mbili sawasawa. Ya kwanza imekubali. Ya pili inaniambia imeshapokelewa. Nimeingiza tena na tena. Mama anauliza, kati ya wanawe yupi kesho asiende shule?"

Masikio ya Sisimizi yalipata moto. Mama yule alimjua tangu alipokuwa kwa dobi. Sare zile alizipokea kwa mikono yake mara nyingi hata hakuwa na haja ya kuuliza jina. Kama mistari ile angeisoma kwa mdomo wake mwenyewe, "rangi ile ile, mteja yule yule", ulimi ungegota hapo hapo. Spidi hakuwajua pacha wale. Ulimi wake ungegota wapi?

Kanuni ikaondolewa haraka. Makoti hewa yakarudi.

"Jamani, nimemfuta mtoto wa watu kwa sauti yangu mwenyewe!" Spidi alijishika kichwa, na chumba kizima kikaangua kicheko.

"Nani aliisoma?" aliuliza meneja mlangoni.

"Mimi, bosi. Lakini mimi msomaji wa taarifa tu. Taarifa mbaya si zangu."

Meneja alimtazama Sisimizi, akangoja. Sisimizi akatazama viatu vyake tena.

"Basi rudi kwenye uso kwa sasa," alisema meneja, bila hasira. Ingekuwa afadhali angekasirika.

Siku ya pili yake alimkuta Mzee akimenya chungwa juu ya pipa la taka, kwa uangalifu wa mtu anayetegua bomu.

"Mzee, Ijumaa nitasema uso."

"Haya."

"Hunishauri?"

"Nikushauri nini? Ghala sikulichagua mimi. Siku niliyoripoti kazini, kiti cha uso kilikuwa karibu na choo." Akatema mbegu. "Huyu atakuambia akili mnemba, yule uso, kesho atatokea mwingine na jina jipya. Lugha ya kompyuta niliyoanza nayo mimi hata mazishi haikufanyiwa. Jiulize tu ni kitu gani kikiharibika hupati raha mpaka ujue kwa nini."

"Na wale pacha?"

"Wale pacha umewapoteza saa moja, wakarudi. Mimi nilifuta mashuka ya hoteli nzima. Wageni walilala kwenye magodoro matupu. Au wewe unadhani hii habari ya kusoma kwa sauti niliiota?"

Aliondoka na chungwa lake, akamwacha Sisimizi amesimama.

Jibu halikuhitaji kutafutwa mbali. Kitufe cha kijivu alikisahau siku ile ile alipokimaliza; walipompongeza ilibidi akumbuke wanasema nini. Lile koti hewa lilikuwa naye mezani, njiani, na hata alipokuwa akipiga mswaki. Si kwamba uso ulikuwa kazi ndogo. Alijua watu ambao kitufe kikisogea kidogo tu upande hawali wakashiba. Yeye hakuwa mmoja wao. Alikuwa mzuri wa uso kwa sababu alikuwa mtiifu, na alikuwa wa uso kwa sababu alikuwa mwoga. Akakata shauri. Na aliyekata shauri la ghala hana budi kukata shauri la mdomo pia.

Jioni alisimama sebuleni mbele ya kola zilizotundikwa kwenye kamba, akafungua kompyuta, akaanza kusoma.

"Unaongea na nani?" aliuliza dada.

"Nasoma makosa yangu."

"Basi jikaze kisabuni, usome kwa nguvu. Huku sisikii."

Akasoma kwa nguvu. Shemeji akatoa kichwa ndani ya friji na kuanza maswali, si kwa kuelewa, kwa kupenda tu kuuliza. Mteja yule yule ndiye nani? Ghala linaona rangi? Sasa kama nguo ni mbili kweli, litajuaje? Mara ya kwanza kila swali lilimtia jasho. Kisha Sisimizi akagundua jambo la ajabu: kila alipotafuta maneno ya kumjibu, alikuta na yeye mwenyewe alikuwa hajaelewa vizuri. Maswali hayakuwa yanamvua nguo. Yalikuwa yanawasha taa.

"Mimi yakija mafriji mawili sawasawa," alisema shemeji, "kila moja nalipiga alama yake ya chaki pale pale mlangoni, halijaingia ndani. Hata likitoka na kurudi, nalijua kwa alama. Kufanana yafanane yanavyotaka."

Sisimizi akamtazama.

"Mlangoni," alisema.

"Enhe, mlangoni. Likishaingia ndani si umeshachelewa?"

Akakaa chini, akaifuta kanuni yake yote, akaanza upya. Dada alipunguza mwendo wa cherehani ili kelele zisimsumbue, naye akajifanya anatafuta uzi.

Ijumaa, kila mtu alisema lake. Wa kwanza alisema usalama, wa pili akasema akili mnemba na kujaribu kuongeza mengine mawili, meneja akamkumbusha sahani ya matunda. Spidi alisema programu za simu, na ghala kama halina mtu. Zamu ya Sisimizi ilipofika, hakusema. Alisimama, akaenda mbele na kompyuta yake.

"Nitasoma," alisema.

Mstari wa kwanza ulitoka umekatika katikati, kama uzi mbovu. Huko chini fundi akakata kioo, wote wakauma meno, na Sisimizi akangoja kelele ipite. Kule kungoja kulimsaidia. Alianza na kanuni ya Jumanne, iliyokosea. Aliisoma mpaka "mteja yule yule", akanyamaza, akasema, "Hapa ndipo nilipowasahau pacha. Nilikuwa nawajua, na nikawasahau." Kisha akasoma kanuni mpya. Kila nguo inapopokelewa, simu iipe alama yake ya pekee kabla ya kuituma. Simu ikituma tena kwa sababu ya mtandao, alama ni ile ile, na ghala litajibu: hii ninayo. Sare mbili za pacha zitakuja na alama mbili.

"Kwa hiyo wale watoto wote wawili wataenda shule?" aliuliza Spidi. "Nilale sasa?"

"Lala," alisema Sisimizi, na watu wakacheka, na safari hii kicheko kilikuwa chake.

Mzee hakucheka. Alivaa miwani.

"Na simu ikizimika baada ya kutuma, kabla haijaitunza hiyo alama yake? Ikiwashwa, mtu anaingiza nguo upya. Alama mpya, koti lile lile. Hapo je?"

Hili ndilo swali Sisimizi aliloliogopa tangu aingie ofisi ile, si hili lenyewe, bali ndugu yake yeyote. Alilitafutia jibu, akalikosa, akaona bado amesimama.

"Sijui," alisema. "Sijui bado. Ndiyo maana nataka kukaa kando yako, Mzee. Ujuzi ninaouomba mwaka huu ni ghala."

Mzee aliguna. Wote waliujua ule mguno.

"Spidi?" aliuliza meneja.

"Aah, bosi, mimi nilisema likikosa mtu. Huyu hapa si mtu?"

"Haya. Kiti ni chako," meneja alimwambia Sisimizi. "Ila nieleze kitu kimoja, na si kwa ubaya. Mtu anayeweza kusoma hivi, Jumanne alimtuma mwenzake kwa nini? Na huku nyuma kote, mbona hukuwahi kuomba kazi ya ghala hata mara moja?"

Angeweza kusema koo. Koo lilikuwa pale pale, tayari kusingiziwa. Sisimizi alifunga kompyuta, akaishika kifuani kwa mikono miwili, akainua macho.

"Mimi niliishia darasa la tano," alisema. "Hapa hakuna anayejua. Nilikuwa nachagua kazi ambayo hakuna atakayenisimamisha kuniuliza, ili msije mkajua. Si kwa kuipenda. Nimechagua hivyo tangu nije. Leo ndiyo mara ya kwanza nachagua ninachokitaka. Kwa hiyo niulizeni. Nikikwama, ningojeni. Nitajibu."